Nusu Isiyo na Maelezo

3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na masikio yako yaliyogoma. Huku kwetu mkweo bado anaendesha treni za mizigo na bado anakoroma, wajukuu zako wawili wanakusalimu, na mkubwa anauliza kama ni kweli huwa unazima taa ili usikie vizuri. Nimemwambia akuulize mwenyewe siku ukija, ingawa mimi na wewe tunajua kuja kwako ni hadithi.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mdogo wangu, huyu uliyempachika jina la Kitinda na likamganda, ameanguka tena. Safari hii alikuwa kazini, juu ya paa la lifti, kati ya ghorofa ya tano na ya sita, anakaza nati. Mwenzake alimdaka kwa mkanda wa suruali. Angechelewa kidogo, sasa hivi ningekuwa nakuandikia barua nyingine.

Ugonjwa wake unaujua kuliko mimi, maana ni ule ule wa Mama. Zile tezi ndogo zilizokaa juu ya figo hazimpi homoni inayomwamsha mtu na kumsimamisha, kwa hiyo anaimeza kwa vidonge. Anameza kama alivyoandikiwa, nashuhudia. Lakini kabla saa ya kidonge kingine haijafika, kile cha kwanza kimeshaisha mwilini. Presha inashuka, jasho linamtoka, chini. Daktari wake anasema dozi inatosha kwa mujibu wa modeli, na modeli haijawahi kuanguka kutoka juu ya lifti.

Hapo ndipo kazi yangu inapoingia. Uliwahi kuniuliza kwa kejeli kama kweli nalipwa kuandika vibandiko. Ndiyo, nalipwa. Modeli za hospitali ni hesabu zinazoigiza mwili ndani ya kompyuta, na zinaungwa kwa vipande: huyu katengeneza tumbo, yule ini, mwingine damu. Ofisi yetu ni ghala la vipande hivyo. Mimi naandika maelezo ya kila kimoja, kwamba kimetoka kwenye mwili gani, kimepimwa kwa vipimo gani, mgonjwa alikuwa katika hali gani, ili mtu wa mbali akikichukua asije akampa mama mjamzito moyo wa panya. Usicheke, nimeshalikuta hilo.

Nimejaribu vipande vyote vya homoni hii kwa vipimo vya damu ya Kitinda. Vyote vinasema yuko sawa. Kimoja tu kinamfuata anavyopanda na anavyoshuka, na hicho ni chako, cha miaka ile ulipokuwa unafundisha chuoni. Ila katikati ya hesabu yako kuna nusu. Dawa inayoingia mwilini umeikata katikati kabla ya kuendelea. Nimesoma ripoti yako iliyochapishwa, kurasa zote, na nusu haimo. Ripoti inasema mgonjwa alimeza vidonge vizima.

Nusu hii ni ya nini, Mjomba? Nijibu upesi, maana bila maelezo hospitali haitakigusa kipande chako.

Mpwa wako

20 Februari

Mpwa wangu Kiherehere,

Marahaba. Barua yako imefika, nimeisoma mara nyingi, na mara zote ilikuwa ndefu. Mimi ni mzima. Chumba changu kimeanza kuvuja upande wa vitabu, siyo upande wa kitanda, kwa hiyo nashukuru. Fundi cherehani wa mlango wa pili ameniwekea kiraka kwenye koti bila kuniomba chochote, kisha akakaa nami mchana kutwa akinieleza mambo ya ndoa yake. Sikusikia hata neno moja. Aliondoka amefurahi sana.

Mwambie mkubwa wenu kwamba nikizima taa nasikia vile vile, yaani sisikii.

Habari ya Kitinda imenikata maini. Mwambie aache kupanda juu kwa sasa, akae kwenye karakana afanye kazi za mezani. Mwambie pia abebe vidonge vya akiba mfukoni, siyo kwenye begi, maana begi huachwa chini. Dada yangu alikuwa anavishonea kwenye pindo la khanga.

Kuhusu kipande changu, kitumie. Kiko sawa. Hiyo nusu iache ilivyo, usiiguse.

Mwaka huu wameng'oa miti yote ya mbele ya maktaba ya chuo ili kupata mahali pa kuegesha magari. Nimelalamika kwa maandishi.

Mjomba wako

9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Watoto wazima, mkweo mzima. Koti lako nalisikitikia na miti naisikitikia pia, lakini nimekuuliza swali moja ukanijibu miti.

Niruhusu niseme wazi, kwa heshima zote. Kitinda ameanguka mara nyingine, ndani ya bafu, na amepasuka juu ya jicho. Nyumbani kwake nimehamishia godoro langu sebuleni. Nikisikia kimya nagonga mlango, naye ananitukana, nami nashukuru kusikia matusi. Hivyo ndivyo tunavyoishi sasa.

Najua mgonjwa wa ripoti yako ni nani. Umeandika "mwanamke mmoja", lakini nilikuwa nikirudi likizo kutoka bweni nakuta sindano zako mezani na Mama amekunja mkono wa gauni. Kwa hiyo usifikiri unanificha hilo. Ndiyo maana kipande kinamfaa Kitinda: ni mwili ule ule umerithiwa. Nilipoligundua hilo nilitoka ofisini nikaenda kusimama kwenye ngazi. Tangu afe nilikuwa nina picha yake moja tu yenye ukungu, kumbe miaka yote alikuwa ghalani kwetu, bado anapanda na kushuka.

Lakini mapenzi hayapiti kwenye kamati. Kamati ya hospitali inataka kila kitu katika kipande kiwe na maelezo, na haikosei. Nusu ikibaki, dozi ya Kitinda inaongezeka kiasi na kugawanywa zaidi. Nusu ikitoka, dozi inakuwa karibu mara mbili. Moja kati ya hizo inamwokoa na nyingine sijui inamfanya nini. Mwenzangu wa meza ya pili, ambaye ndiye atakayesaini kwa kuwa mimi ni ndugu, ameshaamua kwamba nusu hiyo ni uchafu. Anasema ameona nyingi: mtu alibadilisha vipimo akasahau, au alitaka mchoro wake ufanane na damu akabandika namba hadi ukafanana. Nilikutetea. Nilisema Mjomba habandiki namba. Akaniuliza, basi ni ya nini?

Niandikie sentensi moja tu. Hata ikiwa na aibu ndani yake, sijali.

Mpwa wako

30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu. Nilianza barua hii nikaiacha, nikaianza tena. Fundi cherehani aliniona kwenye kibaraza na karatasi tupu akadhani naandika wosia, akaniletea chai.

Pole kwa jicho la Kitinda. Pole na wewe kwa kulala sebuleni. Mgongo wako haukuwa mzuri tangu utoto, ulikuwa unabeba mabegi ya wenzio.

Mwenzako wa meza ya pili hanijui, na mimi simlaumu. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Lakini nusu siyo uchafu. Sikuibandika ili mchoro ufanane. Niliiweka nikiwa na akili zangu timamu, baada ya ripoti kwenda kwa mchapaji, na ripoti ndiyo iliyokosea, siyo kipande. Zaidi ya hapo sitasema.

Usinikasirikie. Nilikula kiapo, na niliyemwapia hayupo wa kunifungua. Mimi ni mzee mwenye vitu vichache, hicho ni kimojawapo.

Andika kwenye maelezo yako: "Mtengenezaji anathibitisha kwamba nusu ni sahihi." Weka jina langu. Mtu akitaka kubisha, abishane nami kwa barua, nina muda.

Chuo kinafunga kwa likizo na sanduku langu la posta ni la chuo. Barua zako zikikawia, usidhani nimekuchunia.

Mjomba wako

16 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima.

Nilipeleka sentensi yako kwenye kamati kama ulivyotaka. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti, akavua miwani, akaniuliza kama katika ghala letu "mtengenezaji anathibitisha" ni kipimo kipya. Walicheka, siyo kwa ubaya. Nami nikacheka ili nisilie mbele ya watu.

Jioni ile Kitinda alikutwa chini ya ngazi za mtaa wa nyuma na watu wasiomjua, wakamdhania mlevi. Walimpekua kwanza, ndipo mmoja akaviona vidonge mfukoni, pale ulipomwambia aviweke. Akamwekea kimoja mdomoni. Nakushukuru kwa hilo.

Mjomba, tumeitoa nusu. Mwenzangu aliifuta, mimi nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Bila nusu, kipande kinalingana na ripoti yako neno kwa neno: mwanamke mmoja, vidonge vizima, damu kila baada ya muda fulani. Maelezo yakakamilika ndani ya mchana mmoja na kamati ikapitisha bila swali. Tulipoikokotoa upya, hesabu ilisema mwili huu unapoteza dawa upesi mno, kwa hiyo dozi imepanda karibu mara mbili.

Na Kitinda amesimama. Wiki hii hajaanguka. Ana hamu ya kula, anapiga soga, jana amekarabati jiko langu ambalo halikuwa limeharibika. Sasa haliwaki.

Sikuandikii haya kukusuta. Ila ulikuwa na nafasi ya kusema, ukaniambia ya miti na ya koti, ndugu yangu akipasuka bafuni. Sijui ulimwapia nani kitu gani. Najua tu nani ananuka dawa kwenye chumba cha pili.

Mpwa wako

12 Mei

Mwanangu,

Sina salamu. Leo ndipo chuo kimefunguliwa, leo ndipo nimepewa barua yako ya Aprili. Nimeisomea pale pale mlangoni kwa karani. Nimekimbia, mimi niliyesahau kukimbia, hadi kwa fundi cherehani, nikamwonyesha namba yako, akapiga. Nilimwomba anigonge begani utakapopokea. Aliponigonga nikasema "rudisha nusu", nikalisema tena na tena, kwa kuwa sikujua kama unanisikia. Fundi ananiambia kwa ishara kwamba ulikuwa unalia na kuuliza. Sikuweza kukujibu nisichokisikia. Kwa hiyo nakuandikia, na barua hii naipeleka mwenyewe stendi ya mabasi, siyo posta.

Nusu ni kwa sababu dada yangu alikuwa anameza nusu.

Mwaka ule dawa ilikatika kila mahali. Boksi alilokuwa nalo nilikuwa nimempa mimi, kwa ajili ya utafiti, na lilimtosha yeye peke yake. Mimi nampa vidonge, mimi nampima damu, mimi naandika "vidonge vizima" kwa kuwa ndivyo nilivyompa. Damu yake ilikuwa inaonyesha dawa kidogo mno. Nikafurahi, mwanangu. Nikadhani nimegundua mwili unaoila dawa upesi kuliko miili yote iliyowahi kuandikwa, nikaandika ripoti, nikaipeleka.

Kisha siku moja nilifika mapema bila taarifa. Nilimkuta ameketi sakafuni na wembe, anakata vidonge juu ya kifuniko cha sufuria. Kitinda alikuwa amelala mkekani, mdogo, midomo imekauka. Ndipo nilipojua kwamba mtoto naye alikuwa ameupata ugonjwa, na kwamba nusu ya kila kidonge ilikuwa inakwenda kwake. Zahanati ilikuwa haijamwandikisha, na hata ingemwandikisha, dawa haikuwapo. Nilizunguka maduka yote ya dawa, ya mji huu na ya mji wa jirani. Nilipiga magoti mbele ya mfamasia mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu. Hakuwa nayo.

Aliniapisha nisiseme, hasa kwa Kitinda. Alisema mtoto asije akakua huku anajihesabia deni. Mafua ya kawaida yalimkuta akiwa katika hali hiyo, na mwili haukuwa na kitu cha kupigania. Dawa ilifika mjini baada ya mazishi.

Ripoti sikuweza kuisahihisha bila kusema kwa nini. Lakini kipande kingebaki na uongo, na mtu angekitumia siku moja kwa mgonjwa wake. Kwa hiyo niliweka nusu, bila neno, nikadhani watu wenye akili wataiheshimu. Mimi niliyefundisha maisha yangu yote kwamba namba isiyo na maelezo ni takataka.

Mwili wa Kitinda hauli dawa mara mbili. Unaila upesi kidogo tu kuliko wa wengine. Mnamjaza. Mwondoleeni, ila polepole, daktari anajua, msimkatie ghafla. Nakusihi.

Mjomba wako

30 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Simu yako ilinifikia nikiwa kwenye ujia wa hospitali, na nitaieleza kwa mpangilio.

Kufurahi kwake kule hakukuwa kupona. Uso ulianza kuvimba, nikadhani ananenepa nikamtania. Akawa halali kabisa, anazungumza bila kituo, anafungua na kufunga redio za watu. Sukari ikapanda. Asubuhi ile ulipopiga alikuwa ametapika damu kwenye sinki, na madaktari walikuwa wanabishana kama ni vidonda vya tumbo peke yake. Nikaona namba nisiyoijua, nikapokea, nikasikia sauti yako kwa mara ya kwanza baada ya muda gani sijui. Ulikuwa unapiga kelele kama unamwita mtu ng'ambo ya mto. Nilikuuliza kwa nini, ukasema rudisha nusu. Nikakuuliza tena, ukasema rudisha nusu. Nikaacha kuuliza, nikaenda kwa daktari nikamwambia dozi ni kosa, ni kubwa, mwenye kipande amepiga simu. Aliuliza ushahidi uko wapi. Nikasema uko ndani ya basi, unakuja.

Alinisikiliza, Mungu ambariki. Walianza kumpunguzia siku ile ile. Barua yako ilipofika nilimsomea daktari ukurasa mmoja tu, ule wa kidonge na wembe, na yeye akaufunika uso.

Damu imekoma. Uvimbe unashuka. Nusu imerudi katika kipande, na nimeandika maelezo yake kwa mkono wangu, kamati imeyapitisha: "Mgonjwa alimeza nusu ya dozi aliyoandikiwa. Kiasi kilichoripotiwa katika chapisho la awali si sahihi." Mwenzangu wa meza ya pili aliyasoma, akaenda nje, hakurudi hadi mchana. Hesabu sasa inamfuata Kitinda vizuri kabisa. Ningeweza kusema tumefika.

Hatujafika. Daktari alilazimika kumweleza mgonjwa kwa nini dozi inabadilishwa tena, na akamsomea maelezo niliyoandika; kwamba mgonjwa huyo ni Mama, Kitinda alikuwa anajua tangu mwanzo. Kitinda ni fundi, Mjomba. Ukimwambia nusu imetumika huku, atauliza nusu iliyobaki imefungwa wapi. Aliuliza. Daktari alinitazama, mimi nikatazama dirisha, na hilo lilitosha.

Ameniambia, "Kwa hiyo nilimla."

Tangu hapo, hata baada ya kurudi nyumbani, hamezi kama inavyotakiwa. Cha asubuhi anameza kwa kuwa nasimama mbele yake. Vingine anaviweka chini ya ulimi, kisha navikuta kwenye foronya, kwenye soksi, juzi ndani ya balbu iliyoungua. Anashuka kidogo kidogo, na safari hii hakuna hesabu iliyokosea. Nimemwomba, nimemfokea, nimemleta mkweo azungumze naye kiume. Anajibu kwa adabu, kisha anageukia ukuta. Swali lake ni moja, na analiuliza kila siku: Mama alijua kwamba atakufa, au alidhani dawa itawahi? Anasema kama alidhani itawahi, ilikuwa bahati mbaya. Kama alijua, yeye hawezi kuamka kila asubuhi na jambo hilo.

Mimi nilikuwa bweni. Wewe ulikuwapo. Maji yamenifika shingoni, Mjomba, na sikuombi unipoze. Mwandikie yeye, siyo mimi. Mwandikie kweli, hata ikiwa ndiyo ile asiyoiweza, maana tumeshaona la kunyamaza linatufikisha wapi.

Mpwa wako

15 Juni

Mpwa wangu, umpe Kitinda ukurasa huu. Usome na wewe, sina tena cha kuficha.

Kitinda, mwanangu,

Hujambo. Mimi sijambo. Dada yako anasema unataka kujua, na anasema nisikupoze.

Alijua.

Nilimweleza mimi mwenyewe, nikiwa na namba zake mkononi. Nilimwambia kwamba akiendelea hivyo, ugonjwa wowote mdogo utamwondoa. Nilimwambia tukugawie robo, siyo nusu, tuone. Alisema alishajaribu robo na ukazimia. Nilimwambia tubadilishane, siku moja wewe, siku moja yeye. Alinitazama kama mtu anayetazama mjinga. Nilitumia maneno yote niliyokuwa nayo, na nilikuwa nayo mengi, nilikuwa mwalimu. Wewe ulikuwa umelala pale, unasikia au husikii, sijui.

Mwishowe nilimuuliza wazi kama anaelewa kwamba anakufa. Alikasirika. Hakulia, hakunipa hotuba, usije ukamfikiria hivyo. Dada yangu alikuwa na hasira za karibu na alichukia maswali. Aliniambia hivi, nami nakuandikia alivyosema:

"Kaka, usinifanyie mtihani. Mtoto leo kaamka, kaomba chakula mwenyewe. Pima hiyo damu unyamaze."

Nikapima. Nikanyamaza, hadi juzi.

Hukumla, Kitinda. Mtu analiwa asipotaka. Yule alikuwa anakata kwa wembe mwenyewe, na kipande kikivunjika vibaya, kikubwa kilikuwa chako. Kama kuna mtu aliyemla ni mimi, niliyeziona namba zinashuka nikashangilia, na mimi bado nakula, nalala, namsikiliza fundi cherehani nisiyemsikia. Naamka na jambo hilo kila siku. Huwa siliwezi. Naamka tu.

Mwili ulio nao ni wake. Dada yako ameniambia hesabu zinafanana kabisa. Sijapata kumwomba mtoto kitu, wala sijui kubembeleza, na hata ukinijibu kwa simu sitasikia. Meza dawa zote. Usinifanye nimpoteze mara ya pili kwa ugonjwa ule ule na dawa ikiwa mezani.

Mjomba wako

1 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Watoto wazima, mkweo yuko safarini.

Barua ilifika jana mchana. Nilimpa nikatoka, nikaenda kukaa jikoni, nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Aliisoma kwa muda mrefu. Sikusikia sauti yoyote na sikuthubutu kugonga.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu na alikuwa anajishikilia ukutani, maana presha ilikuwa chini tayari. Aliketi mezani. Hakunitajia barua, hakukutaja wewe wala Mama. Aliniuliza kama kuna chakula. Nilimpakulia, mkono wangu ukamwaga nusu ya mchuzi mezani, naye hakunicheka kama kawaida yake. Alikula kidogo. Kisha akatoa vidonge mfukoni, akaviweka kwenye kiganja, akavitazama kimoja kimoja.

Ya kesho siyajui, Mjomba, na sitakuandikia uongo kwamba amekuwa mtu mwingine. Usiku alilia, nami nililia upande wa pili wa mlango, na hakuna aliyemfungulia mwenzake. Lakini jana alimeza vyote.

Mpwa wako